Shibiri Moja na Vidole Vitatu

Tarehe 4, Jumanne

Injinia mpya amekuja leo na madaftari mawili. La kwanza, kasema, ni la namba: kila asubuhi na kila jioni nisome rula iliyosimama bwawani, kama miaka yote, niandike maji yamefika wapi. Nikamuuliza la pili ni la nini. "La akiba, mzee." Mimi sijawahi kuweka akiba ikalala siku mbili, kwa hiyo nimeanza kulitafuna leo leo. Namba zitakaa kule, maneno yatakaa huku.

Atakayelikuta ajue ni la nani. Mimi ni mlinda bwawa. Bwawa lenyewe si kubwa la kujisifia: tuta la udongo limezuia mto, lina lango la chuma linalofunguliwa kwa gurudumu, na upande wa kushoto kuna mfereji wa kupunguza maji yakizidi. Mimi nakaa juu, nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa tuta. Chini ya tuta kuna mtaa wa nyumba arobaini na kitu, na moja ni ya mdogo wangu wa kike, fundi cherehani. Yeye husema namkalia kichwani. Nami humwambia ndiyo kazi ya kaka.

Injinia ni binti mdogo, miwani mikubwa kuliko uso. Buti zake za mvua bado zina karatasi ya dukani. Nimempa wiki mbili.

Tarehe 6, Alhamisi

Mvua ya kwanza. Rula 2.10. Maji hata hayajashtuka.

Tarehe 7, Ijumaa

Leo tumefundishwa Kiingereza. Injinia aliita watu wa mtaa wa chini kwenye baraza la kinyozi, akaandika maneno matatu kwenye kipande cha boksi. Mimi shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, kwa hiyo nayaandika yanavyosikika: wosti kesi sinario. Nikamwambia kesi ninayoijua mimi ni moja, ya jogoo wa jirani, na nilishinda. Watu wakacheka. Yeye akasubiri wamalize. Hapo nikajua huyu ana subira mbaya.

"Ni ule ubaya wa mwisho unaoweza kutokea," akasema. "Si ule wa kila siku. Ni ile siku ambayo kila kitu kimekataa kwa pamoja."

Kinyozi akadakia, maana yule ulimi haulali. "Kama umeme umekatika na mteja nimemnyoa nusu?"

"Hiyo ni mbaya tu. Wosti kesi ni umeme umekatika, umemnyoa nusu, na ni bwana harusi, na harusi ni saa hiyo hiyo."

Watu walianguka kwa kicheko. Nikamwongezea wiki moja.

Halafu akageukia bwawa. Mvua siku nne bila kupumua, mfereji umejaa, barabara imekatika, na mlinzi amelala.

"Mlinzi halali," nikasema.

"Wosti kesi haikuulizi, mzee. Inakuandika umelala."

Mdogo wangu akasimama, futi yake ya kupimia nguo shingoni kama kawaida. "Mwanangu, maneno haya ungeyaacha hukohuko ofisini. Ubaya ukiuita kwa jina unaitika. Huo ni uchuro."

"Mama, mimi siuiti," Injinia akajibu, kwa adabu kabisa. "Napima nisimame mbali nao kiasi gani."

Kisha akatupa sheria. Kwenye rula kuna mstari mwekundu, pale kwenye mita nne. Maji yakiugusa, napiga king'ora, na mtaa wa chini wote wanapanda shuleni kilimani. Kutoka mstari mwekundu hadi mgongo wa tuta kuna sentimita arobaini, na hata mvua iwe mbaya kuliko zote, hizo arobaini ni karibu siku nzima. Zinatosha kutoa watu na vyombo vyao. "Msingoje kuona maji mlangoni. Ngojeni mstari. Rula inaonekana kutoka daraja la miguu, hata mtoto anaisoma." Akanigeukia. "Hesabu zote nimezitoa kwenye madaftari ya mzee, miaka sita. Rekodi safi sana."

Watu wakanipigia makofi. Nikavua kofia, nikainama kama waziri. Nimerudi nyumbani nikamimina chai, nikaiacha mezani ikapoa.

Tarehe 9, Jumapili

Sawa. Niliandike hapa kwa kuwa hakuna pengine.

Miaka sita iliyopita, marehemu mke wangu alilazwa. Nilikaa naye hospitali siku tatu bila ruhusa ya mtu, bwawa likabaki na Mungu. Niliporudi nikakuta gogo limeelea likaigonga rula, imelala majini kama mlevi. Kuripoti ni kuulizwa: wewe ulikuwa wapi? Kazi ingekwenda, na nyumba ni ya kazi. Nikachanganya saruji, nikaisimika mwenyewe. Kwa jicho.

Mwaka uliofuata ndipo nilipogundua. Maji huanza kuingia kwenye mfereji yakifika 3.20, tangu enzi na enzi. Siku hiyo yalikuwa yanaingia na rula inasema 2.90. Nilipima: shibiri moja na vidole vitatu. Rula yangu iko juu mno, kwa hiyo inasoma pungufu kwa sentimita thelathini. Nikaandika 2.90, na habari ya mfereji nikaiacha mpaka rula ikafika 3.20. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mvua zilikuwa chache, hakuna aliyedhurika, na uongo ukishazoea kiti huwezi kuuinua.

Leo rula 2.30. Kweli ni 2.60.

Tarehe 10, Jumatatu

Mvua asubuhi. 2.38.

Tarehe 12, Jumatano

Neno la Injinia limeingia mtaani. Kinyozi kabandika karatasi ukutani: "Wosti kesi, nywele zitaota tena." Muuza mkaa kamwambia mkewe kwamba wosti kesi atarudi saa mbili, alirudi saa nne, akaambiwa wosti kesi ni kulala barazani. Hata mimi nimelitumia kwa goti langu. Ni neno tamu. Ukilitamka unajiona umeshajikinga.

2.55.

Tarehe 14, Ijumaa

Mvua mchana kutwa. Rula 2.90, mfereji umeanza kunywa. Kwenye daftari la namba sikuandika habari ya mfereji. Mkono wenyewe umeshajua njia.

Tarehe 17, Jumatatu

Mvua haikukata tangu jana. Rula 3.22, kweli 3.52. Nimefungua lango lote, nikazungusha gurudumu mpaka mabega yakalia.

Leo nimechukua simu nimwambie. Nilishafanya mazoezi mbele ya sufuria. Akapokea kabla sijakohoa.

"Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa nakutafuta. Ripoti yangu imepita. Wakubwa wamesema haijawahi kuletwa ripoti yenye kumbukumbu za miaka sita bila siku kukosekana. Nimeambiwa nitathibitishwa kazini."

"Marahaba. Hongera, mwanangu."

"Ni madaftari yako. Rula inasemaje leo?"

"Tatu nukta ishirini na mbili."

"Bado tuna nafasi kubwa. Ulikuwa unapiga kwa hilo?"

Nikasema ndiyo, kwa hilo.

Tarehe 18, Jumanne

3.45. Kweli 3.75. Barabara ya mjini imekatika kwenye mteremko, fundi wa baiskeli kasema.

Nimeshuka kwa mdogo wangu. Nimemkuta anashona sare za shule, zimejaa kitandani. Nikafikiri nitaingia kwa mlango wa mzaha, kama kawaida yangu, halafu nitageukia ukweli humo ndani. Nikasema, "Fundi, cherehani hii inajua kuogelea?"

Akasimamisha gurudumu la mashine. "Unasema nini?"

"Nasema tuipandishe kwangu. Wosti kesi."

"Mstari umeguswa?"

"Bado."

"Basi unatafuta nini? Kila siku wewe ni kuchekea vitu ambavyo watu wanaviombea dua. Wifi yangu yuko kitandani anakufa ulikuwa unamtania nesi. Toka, kaka. Toka na uchuro wako, nina kazi."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa machache: rula ni mwongo. Nikatoka, nikasimama kwenye mvua, nikajiambia kwamba nimefukuzwa.

Tarehe 19, Jumatano

Jioni rula 3.70. Mstari mwekundu wa kweli umeguswa. Sikula.

Tarehe 21, Ijumaa

Naandikia shuleni kilimani, nimekalia dawati la darasa la kwanza, magoti yako karibu na masikio. Nitaandika ya jana yote kabla sijaanza kuyapamba.

Jana saa mbili asubuhi rula ilisema 3.88. Kweli 4.18. Lango wazi, mfereji umejaa mpaka mdomoni, mvua haina dalili. Niliketi kwenye kizingiti nikaanza kuhesabu mambo ya Injinia kwa vidole. Mvua siku nne, ipo. Mfereji umejaa, ndiyo. Barabara imekatika. Mlinzi amelala. Nikasema hapo kakosea, mimi niko macho. Halafu nikaona afadhali ningekuwa nimelala. Mlinzi aliyelala kuna mtu atapita amwamshe. Mlinzi mwongo nani atamwamsha? Anasalimia watu, anapigiwa makofi. Binti wa watu alifikiria kila ubaya, akanitoa mimi nje ya hesabu kwa heshima ya mvi zangu.

Nikapiga simu.

"Shikamoo mzee. Inasemaje?"

"Inasema tatu nukta themanini na nane. Ni mwongo. Ongeza thelathini."

"Sijakusikia vizuri."

"Umenisikia. Rula niliisimika mwenyewe, kwa jicho, miaka sita iliyopita. Namba zote nilizokupa, kila moja, ongeza thelathini."

Nilisikia karatasi zinafunuliwa, kisha hazifunuliwi tena. Nilitegemea aniulize kwa nini. Majibu nilikuwa nayo, mazuri, yana marehemu ndani yake.

"Watu wametoka?" akauliza.

"Hawajatoka."

"Piga king'ora sasa hivi. Mimi sina njia ya kufika. Na ukishapiga usikae juu, mzee. Shuka ukawatoe."

King'ora chetu ni cha kuzungusha kwa mkono. Nilizungusha mpaka kikalia kama punda aliyefiwa. Watu wakatoka na miavuli na mifuko ya plastiki kichwani, wakaenda daraja la miguu, wakaitazama rula. Kisha nikawaona wanarudi majumbani. Polepole, bila hasira, kama watu waliogonga mlango wakaambiwa mwenyewe hayupo.

Niliposhuka nilimkuta kinyozi darajani na watu kama ishirini. Mdogo wangu naye yupo, futi shingoni.

"Mzee Lango, unajaribu mtambo?" kinyozi akasema. "Mstari ule pale, bado mkavu. Sheria ni sheria. Tumeambiwa tungoje mstari."

Nikawaambia mstari hauko mahali pake.

"Umehamia wapi? Kalipa kodi huko?"

Wakacheka. Siwalaumu. Miaka yote nimewatania, kisha nikawasimikia mti wa kuamini. Sasa mti na mimi tumetofautiana, wakaamua kusimama na mti. Nikasema tena, nikataja saruji, nikataja shibiri moja na vidole vitatu. Mmoja akasema, "Leo kazidi." Maji yalikuwa yanapita chini ya daraja yana rangi ya matofali, na mimi nimesimama pale nakiri kosa, watu wanasubiri nimalize wapate kucheka vizuri.

Mdogo wangu hakucheka.

"Rula iling'oka lini?" akaniuliza.

"Wiki ile ya wifi yako."

"Wiki ile ulikuwa hospitali siku zote tatu. Mimi ndiye niliyekuletea nguo."

"Ndiyo."

"Hapa alibaki nani?"

"Hakuna mtu."

Akavua futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akawageukia watu, wala hakupaza sauti.

"Tokeni. Huyu hajawahi kukiri kosa tangu tunagombania kijiko. Akikiri, maji yameshafika."

Wakatoka. Sitaki kusema walikimbia, mwanzoni walitembea haraka kama watu wanaoona aibu kukimbia. Halafu mtoto mmoja akakimbia, ikawa ruhusa. Kinyozi, ambaye nimemwita mpayukaji miaka kumi, aliingia nyumba ya kwanza na ya mwisho, akarudi tena katikati. Mara ya tatu alinipita kwenye matope amembeba mama mkwe wake mgongoni, mama mzito, anamshika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee," akaniambia akihema, "hii ndiyo wosti kesi." Mama mkwe akampiga kofi la kisogo. Nilicheka, nikashangaa kwamba bado naweza.

Mdogo wangu akageuka arudi kwake. Nikamshika mkono.

"Niache nikatoe cherehani."

"Ile ina miguu ya chuma. Inataka watu wanne. Hakuna muda."

"Ulikuwa nao wewe," akasema.

Akapanda kilima bila kunitazama tena.

Saa saba na nusu maji yalipita juu ya tuta, upande wa kushoto. Kwanza kama kitambaa chembamba kinachoning'inia, unaweza kusema ni kizuri. Kisha udongo ukaanza kukatika vipande vipande. Sauti haikuwa kubwa nilivyoogopa, ilikuwa ndefu. Nyumba tisa. Ya mdogo wangu ilikuwa ya pili.

Mwalimu mkuu kahesabu watu mara tatu kwa majina. Wote wapo. Hata mlevi wa kona yupo, analalamika shule haina mito.

Tarehe 22, Jumamosi

Mvua imekata. Injinia amefika kwa miguu, buti zake sasa ni buti. Amepima alama ya maji ukutani kwenye kibanda cha gurudumu la lango, akapima rula, akaandika. Thelathini na moja. Nilikosea hata uongo wangu kwa sentimita moja.

Watu wamegawanyika. Wengine wanasema niliwaokoa, wengine wanasema niliwazamisha, na wote wanaleta ushahidi uleule. Kinyozi ndiye kawaambia waache kelele, mambo yote mawili ni kweli na hayagombani.

Tarehe 24, Jumatatu

Nimetoa maelezo. Mimi nasema, Injinia anaandika. Nilipofika kwa marehemu akaweka kalamu chini. "Mzee, ungesema miaka sita iliyopita, wangekuonya tu."

"Labda wangenifukuza."

"Labda. Mimi nimeandika kwamba mbaya kuliko yote inatupa karibu siku nzima. Nimetia sahihi. Watu walipewa saa tano na nusu."

Hakupaza sauti. Ningempenda zaidi angepaza. Nikamuuliza kuhusu kuthibitishwa kwake. Akasema hilo nimwachie yeye, akanipa kalamu. Nilitia sahihi, na kidole gumba pia, kwa kuwa sahihi yangu haifanani mara mbili.

Nyumba niiache mwisho wa mwezi.

Tarehe 26, Jumatano

Wamesimika rula mpya kwa chombo cha miguu mitatu. Watu wanne, nusu siku, kwa mti mmoja. Nilitazama yote.

Tarehe 30, Jumapili

Mdogo wangu yuko kwangu tangu Ijumaa ile, kwenye chumba cha pili. Kesho tunahamia wote chumba cha kupanga nyuma ya shule. Anapika, ananiwekea, anasema "kula". Siku tisa, zaidi ya hapo hakuna.

Leo asubuhi kaketi mlangoni anashona kwa mkono zile sare ambazo watu walifanikiwa kumwokotea matopeni. Kazifua mara nne. Macho yake hayatungi uzi tena, yangu pia hayatungi, lakini mimi nina muda, kwa hiyo nilimtungia. Mara ya tano akasema, bila kuinua kichwa:

"Jumanne ile ulipokuja na mzaha wa kuogelea. Ulikuja kuniambia?"

"Ndiyo."

"Nikakufukuza."

"Ulinifukuza."

Akavuta uzi, akavuta tena. "Kama ungesema wazi, rula ni mwongo, ningekufukuza vilevile?"

Nililiona jibu alilokuwa ananipa. Lilikuwa limelala hapo kati yetu, laini, linatufaa sote wawili. Angelala vizuri, nami ningelala vizuri. Ni neno moja tu, ndiyo, na nimekwisha kusema makubwa zaidi ya hilo kwa miaka sita.

"Hapana," nikasema. "Ungetafuta watu wanne, ukatoa cherehani."

Akaukata uzi kwa meno. Aliilaza ile sare mapajani, akaupapasa mshono.

"Basi liandike hilo," akasema. "Humo unamoandika kila siku."

Nimeliandika. Anataka uzi mwingine.